Taa ya Magunzi

Mimi si mwongo, ila Ijumaa iliyopita hapa Kitale nilifanana na mmoja kabisa.

Katika maabara ya chuo chetu tunachoma magunzi ya mahindi kupata kaboni ya chembe ndogo mno, kisha tunaitumia kutengeneza superkapasita, chombo cha kuhifadhi umeme. Kinajaa haraka na kuisha haraka. Hilo nalijua vizuri.

Jumatatu nilichaji changu, nikazima swichi ya soketi ukutani bila kuchomoa waya, nikawasha taa ndogo. Jumanne ilikuwa bado inawaka. Alhamisi pia. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilienda kununua tai.

Ijumaa wakulima wa Ndalu waliotupatia magunzi walikuja kuona. Tulifunga mapazia ili taa ionekane. Madam Nafula, mkubwa wangu, akaninong'oneza, "Una hakika?" Nikamwambia atulie, nikatunisha kifua. "Wazee wangu, hata stima ikipotea, hii itawaka mpaka Krismasi."

Na kweli, stima ikapotea, umeme ukakatika chuo kizima. Taa yangu ikabaki inawaka, nao wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha ikafifia, ikazimika.

Madam Nafula akamulika ukuta kwa simu. Kumbe fundi wa umeme alikuwa ameiweka ile soketi juu chini. Siku zote hizo nilipodhani nimezima, nilikuwa nimewasha.

Mzee Wanjala, mwenyekiti wa wakulima, akanishika bega. "Usijali, kijana wangu. Taa ya kuzimika stima ikipotea tuko nayo hata Ndalu. Na yetu haitaki magunzi."