Stima Imepotea Nikieleza Injini ya Stima

Leo stima imepotea nikiwa katikati ya intavyuu ya kusomea injini zinazotumia stima, yaani umeme.

Chekeni tu.

Nilikuwa kwa tata, shangazi yangu, hapa mtaa wa Dallas, Embu, kwa sababu kwetu Karurumo mtandao unasumbua. Maprofesa wawili wa ng'ambo wako kwenye laptopu. Wanataka mwanafunzi mmoja tu, wa injini za umeme mkubwa za kusukuma vyombo mbali angani.

Nikawaambia, "Umeme ukiwa mwingi, gesi inarushwa nyuma kwa kasi, chombo kinaenda mbele."

Wifi ikakufa hapo hapo.

Nikawasha data ya simu, nikarudi mbio. Kabla nifungue mdomo, tata akaingia na sufuria mkononi: "Wanja, stima imeenda mtaa wote! Waambie wangoje!"

Wakauliza anasema nini. Ningesema nini? Nikawatafsiria.

Profesa mzee akatabasamu. "Na ikipotea huko angani?"

Hilo nalijua kabisa.

"Chombo hakisimami," nikasema. "Huko hakuna hewa ya kukizuia. Tutapoteza muda, lakini kasi yetu inabaki. Umeme ukirudi, tunaongezea pale tulifikia."

 

Profesa wa pili akasema, "Hilo ndilo lilikuwa swali letu la mwisho."

Wamenipigia jioni hii. Nafasi ni yangu!

Nimemwambia tata. Amenikumbatia, akalia kidogo, halafu akauliza, "Sasa wewe utafika mbinguni kabla yangu, na hata kwaya huimbi?"

Nisaidieni, mngemjibu aje?