Bahasha Kumi na Moja za Mamumunye

Mwanangu alikuwa na miezi saba, ndiyo kwanza anajifunza kula. Siku hiyo nilimpondea mumunye la kwanza la bustani yetu, bila chumvi wala mafuta, nikakaa nalipulizia lipoe. Kabla ya kumlisha niligusisha ncha ya kijiko kwenye ulimi wangu, nijue kama bado ni la moto.

Lilikuwa chungu. Si uchungu wa mboga za majani, ambao ukishazoea unaupenda. Huu ulinishika koo kama nimetafuna kidonge bila maji. Nilitema, nikasukutua mara tatu. Mtoto alikuwa ameachama anasubiri. Nilipoondoa bakuli akaangua kilio.

Mama mkwe wangu alikuwa uani anachambua mbegu kwenye ungo. Upande wetu wote, kuanzia mjini hadi vijiji vya juu, wenye bustani za nyumbani wanamwita Bi Bahasha. Alifagia ofisi moja miaka ishirini na miwili, na bahasha zilizotupwa akawa anazikusanya na kuja nazo nyumbani. Humo ndimo anamohifadhi mbegu. Kuandika hakumwingii sana, kwa hiyo juu ya kila bahasha huchora jani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wenye bustani hukutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, kila mtu na mche wake kwenye kopo, na hakuna anayeondoka bila kupita kwake. Hauzi. Anachotaka ni ukipata urudi useme imeotaje.

"Mama," nilisema, "mumunye hili ni chungu."

"Umepika kwenye sufuria gani?"

"Yetu ile ile."

"Basi ni ulimi wako. Mtu akinyonyesha, ulimi nao unakuwa na mambo yake." Hakuinua macho. "Mwaka jana tulikula lile nililotoa mbegu. Wewe mwenyewe uliramba sahani."

Ni kweli, niliramba. Lilikuwa tamu. Ndiyo maana niliogopa zaidi, kwa kuwa sikuelewa. Ila nilikumbuka maneno ya muuguzi mmoja wa kikundi chetu cha bustani, siku alipoombwa atuzungumzie mambo ya mboga. Alisema mumunye likiwa chungu si la kuvumilia, ni la kutupa. Lina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa chumvi. Aliwahi kupokea nyumba nzima, baba na mama na watoto, wote wanatapika.

"Onja basi, Mama. Kidogo tu, uteme."

"Mbegu yangu haijawahi kumwangusha mtu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niionje kama mtuhumiwa?"

Mimi si mtu wa kubishana na mkwe. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua simu niangalie ujumbe wa kikundi chetu, kwa sababu bahasha za mamumunye msimu ule zilitoka kumi na moja. Nikakuta picha ya asubuhi. Fundi seremala, yule mzee mgane wa nyuma ya kituo cha mafuta, alikuwa ameshika mumunye refu kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Chini yake aliandika: "Mbegu ya Bi Bahasha. Saa saba mchana leo naingia mezani, wenye wivu mjinyonge."

Ilikuwa saa sita na robo.

"Mama," nilisema, "Fundi haonji."

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Fundi aliugua mwaka juzi, akapona, lakini pua na ulimi havikurudi. Yeye mwenyewe hulitania jambo hilo, anasema siku hizi uji na supu anavitofautisha kwa macho. Mtu mwingine yeyote angetema tonge la kwanza. Fundi angemaliza sahani na kuongeza.

Mama mkwe aliweka ungo chini, akatafuta kandambili zake kwa miguu. "Mpigie."

Nilipiga. Iliita hadi ikakata. Akiwasha mashine ya randa hasikii hata mvua ya mawe. Nilipiga tena tukiwa tunatoka getini, nikapiga tena tukikata njia nyuma ya soko. Katikati niliwapigia wengine. Mama mkwe alinitajia kumi waliobaki kwa kichwa, bila kukosea: mshonaji wa karibu na zahanati, mwalimu wa darasa la tatu, yule dada mwenye mapacha. Wote wakapokea. Mapacha walikuwa bado hawajapikiwa. Fundi tu ndiye hakupokea.

Tulipovuka reli akaniuliza, pumzi zinamkatika, "Kuna mtu hapo jirani alipanda kibuyu? Vile vya kukausha, vya kuchotea maji?"

Mimba yangu ilipotimiza miezi minne, mmoja wa kikundi alinipa mbegu mbili za kibuyu, nipate cha kumwogeshea mtoto. Nilizipanda nyuma ya bafu, mahali pasipopendeza, na sikumwambia mtu. Vilitambaa vizuri, maua meupe yakawa yanafunguka jioni kama ya mumunye. Mama mkwe ana sheria moja tu nyumbani kwake: ukipanda chochote, mwambie. Nilidhani ni tabia ya wazee kutaka kujua kila kitu.

"Mimi, Mama. Nyuma ya bafu."

Alinitazama mara moja. "Kibuyu na mumunye ni ndugu," alisema. "Mdudu akitoka kwenye ua la huyu akaingia la yule, tunda la mwaka ule linabaki tamu. Uchungu unajificha kwenye mbegu." Basi. Akaongeza mwendo. Ningependelea anitukane.

Karakana ilikuwa kimya, mashine imezimwa. Tulimkuta Fundi amekaa kwenye benchi la kazi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, sahani iko mbele yake, mvuke unapanda.

"Karibuni! Nilijua harufu itawaleta," alisema. "Kwa kuwa mimi siisikii, nashukuru kwa taarifa."

"Umekula?" mama mkwe aliuliza.

"Bado. Nimeonja chumvi tu, vijiko viwili."

"Unaonja chumvi kwa ulimi gani, wewe mzee?"

"Kwa mazoea."

Mimi nilikuwa nimeshasogeza sahani. Akaishika upande wa pili. "Bi Bahasha, mwambie mkweo aniachie. Miezi minne nimelimwagilia hili."

Ndipo mama mkwe alipochukua kijiko, akachota, akaweka mdomoni mbele yetu. Uso haukukunjamana, aliushikilia. Kisha akageuka akatema kwenye maranda, na macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni chungu, Fundi. Ni sumu. Na mbegu ni yangu."

Fundi aliiachia sahani polepole. Nilimpigia muuguzi, akasema tusingoje dalili, tumpeleke. Tulipofika zahanati alikuwa ameshatapika mara mbili njiani, anatania bado, lakini hasimami bila kushikwa. Walimtundikia maji. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki saa nne nzima, hakunywa hata tone la maji. Mimi nilinyonyesha nimeegemea ukuta nikimtazama Fundi kifua kinavyopanda na kushuka. Saa kumi na moja akafungua macho, akauliza, "Sasa mnanilisha nini?" Mama mkwe akacheka na kulia kwa pamoja.

Kabla hatujaondoka aliniambia nimwashie kinasa sauti cha simu. Nilishika simu nikisubiri kusikia habari za nyuma ya bafu zikienda kwa watu mia mbili.

"Mimi Bi Bahasha," alisema. "Mamumunye niliyowapa msimu huu yameharibika. Ng'oeni, msile, msitoe mbegu. Nyumbani kwangu kulikuwa na kibuyu na mimi sikukiona. Fundi yuko zahanati kwa sababu yangu. Nisameheni."

Akaniashiria nizime.

Kesho yake asubuhi nilikikata kibuyu changu mwenyewe, hadi mzizi. Niliporudi ndani nilimkuta mezani na bahasha tupu na kalamu. Alizisukuma upande wangu.

"Wewe umefika darasa la saba. Mimi nitachora jani," alisema. "Wewe andika kilichoota jirani yake."