Ndama Waliokuwa na Haraka

Agustino Sulle alianguka shambani kwake Nambis wakati wa palizi ya maharage. Ilikuwa kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anatembea, mguu mmoja ukiburuta kidogo, na maneno yalikuwa yameanza kutoka vizuri. Lakini mkono wa kulia ulining'inia kama si wake.

Alipewa mpira laini, akaambiwa auminye kila siku. Mkewe, Violeth, alimkumbusha asubuhi na jioni. Siku za mwanzo aliuminya kweli. Baadaye mpira ukaonekana uvunguni, ukaonekana jikoni, na mara moja ukaonekana mdomoni mwa mbwa.

"Mtu mzima na ndevu zangu, nakaa kuminya mpira," alisema. "Naminya, halafu? Hakuna kinachotokea."

Aliyasema hayo mbele ya mdogo wake, Efrazia, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari huko Maretadu. Efrazia aliondoka na maneno hayo kichwani. Alikumbuka kaka yake alipokuwa kijana, jinsi alivyopenda gemu za kaseti, zile za kuchomeka kwenye mashine inayounganishwa na TV ya kichogo. Mashine yenyewe ilikuwa bado ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Tatizo ni kwamba gemu zote zilizokuwepo zilikuwa za haraka. Kabla kidole cha Agustino hakijafika kwenye kitufe, mtu wake kwenye kioo ameshakufa.

Basi Efrazia akaamua kumtengenezea gemu ya polepole.

Mbulu mjini kulikuwa na fundi wa redio na simu, Doto Abdillah, ambaye kwao ni wafanyabiashara wa Katesh. Alikuwa na kifaa cha kuandikia kaseti hizo, na ndiye aliyemwonyesha pa kuanzia. Mashine ya zamani namna ile, Doto alimwambia, haielewi lugha za siku hizi. Inataka asembli: amri fupi za herufi tatu tatu, kila moja kwenye mstari wake, na kila moja inafanya jambo dogo sana. Chukua namba. Iweke pale. Linganisha. Ruka uende kule. Ukimaliza kuandika, programu inayoitwa asembla inayageuza maandishi yako kuwa namba tupu ambazo mashine inazisoma.

Efrazia aliipenda lugha hiyo. Ilikuwa kavu, lakini haikumficha kitu. Kila sehemu ya kazi aliweza kuipa jina analotaka, naye akaandika majina ya Kiswahili: LANGO, NDAMA, MWENDO. Na baada ya nukta mkato aliweza kuandika chochote, kwa kuwa asembla hairuhusiwi kusoma hapo. Mahali pamoja aliandika: hapa ndama asimame kidogo, kaka apate nafasi.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Ndama anatembea kuelekea bomani. Akifika langoni unabonyeza kitufe kwa kidole gumba cha kulia, lango linafunguka, anaingia. Usipobonyeza anapitiliza hadi kwenye mahindi. Ukishaingiza wengi, wanaanza kuongeza mwendo kidogo kidogo. Lakini mwanzoni wanakwenda kama waliotoka usingizini.

Aliijaribu kwenye kompyuta yake, ndani ya programu inayoigiza mashine ile, ikaenda vizuri. Akaijaribu dukani kwa Doto, kwenye mashine halisi, ikaenda vizuri. Shuleni kulikuwa na mitihani, kwa hiyo alimpa Violeth kaseti siku ya mnada aipeleke Nambis, naye akarudi kusimamia wanafunzi wake moyo ukiwa mwepesi.

Simu ilipigwa kesho yake.

"Wifi, amecheza," Violeth alisema. "Hajaingiza hata ndama mmoja."

"Mwambie asikate tamaa. Mkono utazoea."

Siku iliyofuata alipiga Agustino mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Efrazia.

"Mdogo wangu, umefanya kazi nzuri, Mungu akubariki. Ila sasa nimeelewa. Kama hata gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa imenishinda, huu mkono umekufa. Tuache kuusumbua."

Kwa siku zilizobaki za mitihani Efrazia alitembea darasani kati ya madawati huku akijilaumu. Alitaka kumpa kaka yake sababu ya kujaribu, na badala yake alikuwa amempa ushahidi kwamba ameshindwa.

Jumamosi akaenda Nambis. Agustino alikuwa amekaa sebuleni, uso umeelekea ukutani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Naomba nione unavyocheza. Mara moja tu."

Agustino hakutaka. Violeth ndiye aliyewasha. Kioo kikang'aa, lango likaonekana, na ndama wa kwanza akapita mbio kama anayefukuzwa na fisi. Wa pili naye akapita. Wa tatu.

Efrazia alisimama. "Ngoja. Wanakimbia hivi kila siku?"

"Siku nyingine zaidi ya hapo," alisema Agustino.

Efrazia aliichukua pedi ya kuchezea, akabonyeza kwa mkono wake mzima. Ndama wakapitiliza. Akampa Violeth, naye akakosa wote. Ndipo Efrazia akakaa chini sakafuni, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Kaka, hawa si ndama wangu. Wangu wanatembea! Kuna mahali nimekosea kuandika. Si mkono wako. Unanisikia? Si mkono wako."

Agustino aligeuka kutoka ukutani. Akauangalia mkono uliokuwa pajani kwake. "Una uhakika?"

"Hata mzima hawezi. Si umeona?"

Agustino alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Violeth akaenda jikoni, akarudi na chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Efrazia alifungua kompyuta, akampigia Doto, akaanza kumsomea mstari kwa mstari.

"Mwanzoni naweka mwendo kuwa sifuri, yaani bila kasi ya nyongeza. Chukua sifuri, iweke kwenye MWENDO."

"Mwalimu, soma kilichoandikwa, usisome ulichotaka kuandika."

"LDA, sifuri."

"Na reli iko wapi?"

Efrazia akasogeza uso kwenye kioo. Alama ya reli, ile ile ya kumalizia namba za salio kwenye simu, haikuwepo. Katika asembli ya mashine ile, LDA #0 maana yake chukua sifuri yenyewe. LDA 0, bila reli, maana yake nenda kwenye kisanduku namba sifuri cha kumbukumbu, uchukue chochote utakachokikuta humo. Mistari yote miwili ni halali, kwa hiyo asembla haikulalamika. Kwenye kompyuta yake kisanduku hicho kilikuwa kitupu, na kwa Doto kilitokea kuwa kitupu. Mashine ya Nambis iliamka na takataka zake, na takataka hizo ndizo zilizowakimbiza ndama.

Doto alicheka. "Pole. Hiyo reli kila mtu ameshaisahau, hata mimi."

Mchana huo huo Efrazia alishuka mjini, kaseti ikaandikwa upya. Jumapili baada ya misa waliwasha TV tena. Ndama akatokea, akaja taratibu, akasimama langoni. Kidole gumba cha Agustino kikachelewa. Ndama akaingia kwenye mahindi. Wa pili akaja, akasimama. Kidole kikashuka. Lango likafunguka.

"Ameingia," Violeth alinong'ona.

"Nimemwona," alisema Agustino, macho hayatoki kwenye kioo.

Mpaka leo mkono huo haujarudi wote. Kukamua hawezi, lakini kikombe anakishika na vifungo vya shati anafunga mwenyewe. Anacheza kila siku baada ya chakula, na amepata malalamiko mapya. Haiwezekani, anasema, boma zima likawa na ng'ombe wa rangi moja, huyo mfugaji ni wa wapi? Efrazia amemweleza kwamba mashine ile ina rangi chache. Agustino amesikia, akasema anaomba angalau mmoja mwenye madoa.