Nilimlisha Mwenyekiti Pete ya Memsahib

Nimekosa. Wacha niseme hivyo mapema, kabla sijaogopa nikaanza kuwaelezea habari ya mvua. Nimekosa! Karibu niwanyime watu shamba, karibu nimfanye mtu asiye na hatia aitwe mwizi, na yote hayo kwa sufuria moja ya viazi.

Wewe unayesoma, usinihukumu mpaka nimalize. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nacheka, lakini nacheka nikiwa nimejifunika uso na leso.

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Makaburu wengi walikuwa wameshafunga mizigo yao wakaenda, na mashamba ya kuzunguka Eldoret yalikuwa yanauzwa kila upande. Mimi nilikuwa mpishi kwa Memsahib mmoja, mjane, huko upande wa Burnt Forest. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Nyeri, miguu myepesi na akili nyepesi zaidi. Memsahib alikuwa mtu wa Ireland, na ole wako umwite Mwingereza!

Naye alikuwa anauza. Watu wetu walikuwa wameungana wanunue kwa hisa, wenye maduka wa mjini pamoja na vibarua wa shamba lenyewe. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Njuguna, muuza unga, mtu mnene na mpole, ambaye meno ya nyuma yalikuwa yameshamwacha. Lakini kulikuwa na mkubwa fulani wa Nairobi, mwenye gari jeusi, aliyelitaka shamba lote awe nalo peke yake.

Memsahib alitutaka sisi. "Nyinyi ndio mmelima hapa," alisema. Akaalika kamati chakula cha mchana siku ya Jumamosi. Wakishakula, ataweka sahihi.

Sasa, karani wa kamati. Woi! Alikuwa anaitwa Wafula, kijana wa Bungoma, shati jeupe, nywele zimechanwa, na mwandiko ambao ungeweza kuutundika ukutani. Kila akileta barua nilimpa chai, na kila akimaliza chai alisema, "Asante sana, dada." Dada! Mimi nimepaka mafuta mpaka viwiko, naitwa dada!

Ijumaa Memsahib akaniita jikoni anifundishe chakula cha kwao. Ni viazi na kabichi. Unachemsha viazi, unamwaga maji, unarudisha sufuria kwa moto kidogo vikauke. Kabichi unaikata nyembamba kama nyuzi, unaipika na siagi na vitunguu vya majani, lakini isilale, ibaki na ukijani wake. Halafu unaponda viazi ukimwagia maziwa ya moto na krimu, unaponda mpaka mkono ukuambie basi, ndipo unachanganya na kabichi. Ukipakua, unafanya kilima, unachimba shimo juu, unajaza siagi iyeyuke humo.

Nikaonja. Nikasema, "Memsahib, hii ni irio yetu ya Nyeri iliyosahau mahindi."

Akacheka. Akaniambia kwamba kwao, wakati wa mavuno, mama yake alikuwa anaficha pete ndani ya hivyo viazi. Atakayeipata kwenye sahani yake ataoa au ataolewa kabla mwaka haujaisha.

Yeye alikuwa anapiga hadithi tu. Hakunituma! Lakini hayo maneno yaliniingia kichwani yakavua viatu, yakakaa.

Jumamosi nilikuwa nimepagawa na furaha. Naponda viazi naimba. Memsahib alikuwa ameshika udongo wa maua asubuhi, akavua pete yake ya ndoa akaiweka dirishani, karibu na beseni la kunawia pale varandani. Niliiona ikimetameta. Nikajiambia, ni ya saa moja tu. Wafula ataipata, ataitoa mdomoni, Memsahib ataeleza maana yake, watu watapiga makofi, Wafula ataangalia mlangoni na atakayemwona amesimama pale ni mimi! Kisha pete itarudi kwa mwenyewe.

Nikaichukua. Nikaichemsha, angalau hilo nilifanya. Nikaitia kwenye kilima cha Wafula, na kwa sababu ya mapenzi nikafanya hicho kilima kikubwa kuliko vyote.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Niliweka sahani mezani mwenyewe, kila mtu na yake. Wafula akaangalia yake, akaangalia ya mwenyekiti. Kijana aliyelelewa vizuri! Akasimama, akashika sahani kwa mikono miwili.

"Mzee, haiwezekani mimi nile kubwa na wewe umekaa hapo. Tafadhali tubadilishane."

"Ubarikiwe, kijana," akasema Mzee Njuguna, na kijiko kilikuwa kimeshaingia.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikabaki mlangoni na trei mkononi, naangalia kila kijiko kikipanda. Mzee hakuwa anatafuna. Angetafuna na nini, na viazi vilikuwa laini kama uji? Alikuwa anameza tu, macho yamefungwa kwa utamu.

Ghafla akasimama. Koo likapanda, likashuka. Akakohoa mara moja, akanywa maji glasi nzima.

"Mama," akamwambia Memsahib, "hii chakula iko na mfupa?"

"Hakuna nyama hapo, Mzee."

"Basi ni mimi nina haraka." Akaomba aongezewe!

Wakamaliza. Karatasi zikaletwa. Memsahib akasema anataka kuvaa pete yake kwanza, ndipo atie sahihi, maana hilo shamba lilikuwa la marehemu bwana yake pia. Akaenda dirishani. Akarudi uso umebadilika.

"Nani alinawa mikono varandani?"

Aliyenawa pale alikuwa mmoja tu. Wafula. Wengine walinawa nje kwa bomba.

Aki, nikikumbuka! Wafula alisimama mbele ya watu wote akageuza mifuko yake nje. Vikatoka chanuo, kitambaa na kipande cha penseli. Memsahib akakusanya karatasi polepole, akasema hataweka sahihi mpaka pete ionekane.

Na mimi? Nilikusanya sahani. Hayo ndiyo makosa yangu, msomaji. Pete ni utoto. Lakini nilikusanya sahani, nikaenda jikoni, nikazisugua, nikanyamaza.

Jumapili nikanyamaza. Kanisani nikaimba kwa nguvu kuliko wote. Jumatatu nikasikia kamati imemtoa Wafula ukarani, na saa nne lile gari jeusi likaingia uani. Mkubwa akashuka na kofia mkononi, anatabasamu.

Hapo nikatupa aproni. Nikaomba kubebwa na lori la maziwa mpaka mjini, nikaingia duka la unga. Mzee hakuwepo. Alikuwepo mke wake, Mama Wanjiru. Nikapiga magoti kati ya magunia nikasema yote bila kupumua.

Mama Wanjiru akaweka chini debe la kupimia unga.

"Unaniambia mzee wangu yuko na dhahabu tumboni?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi tangu juzi nampa dawa ya gesi!"

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, unga ukapanda kama moshi, akawa mweupe nyusi na yote, na bado anacheka. Halafu akafuta machozi na kazi ikaanza. Papai, maziwa lala, uji, papai tena. Mzee Njuguna aliambiwa ukweli na akakabidhiwa karai. Alikwenda nalo nyuma ya nyumba kwa heshima zote, kama mtu anayekwenda mkutanoni.

Jumanne asubuhi majirani wote walisikia sauti yake: "Mama Wanjiru! Imefika!"

Tuliisugua na jivu, tukaichemsha mara tatu. Mimi mwenyewe nikaipeleka. Nikamkuta Memsahib kwenye varanda na kalamu mezani, na karatasi zilizokuwa hapo zilikuwa za yule mkubwa. Hakuwa amezigusa. Nikamwambia yote. Habari ya hadithi yake, ya kilima kikubwa, ya Wafula kubadilisha sahani.

"Kwa hivyo ilikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikaonyesha tumbo. Halafu, kwa aibu, nikaonyesha ilipopitia kutoka.

Memsahib alishika meza. Nilifikiri anaanguka. Kumbe ni kicheko! Tangu bwana yake azikwe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Aliitia pete kwenye kikombe cha spiriti, akaiangalia, akaanza tena.

Jumatano kamati ikarudi na akaweka sahihi. Alimwomba Wafula msamaha mbele ya watu wote, na mimi nikasimama nikasema, "Ni mimi." Shamba likawa letu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia boma.

Mzee Njuguna naye akasimama. Alikuwa amesikia ile mila ya Ireland.

"Imesemwa aliyepata pete ataoa kabla ya mwaka kuisha," akasema. "Mimi ni nani nidharau mila za watu?"

Mama Wanjiru akasema neno moja tu: "Kaa." Akakaa.

Nilimfuata Wafula mpaka kwa baiskeli yake. Nikamwambia kwa nini nilifanya vile, na nilitaka pete iingie mdomoni mwa nani.

Alitabasamu kidogo. "Ungeniambia tu," akasema. "Zile barua nilizokuwa naleta, nyingi zingeweza kungoja wiki nzima." Nilichukua muda kuelewa. Barua zile hazikuwa na haraka! Alikuwa anakuja kwa ajili yangu!

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nimekuona ukikusanya sahani mimi nikigeuza mifuko. Kwa siku tatu ulikuwa unajua." Akapanda baiskeli. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mwaka uliofuata alioa mwalimu wa Kitale. Waliniomba nipike viazi na kabichi. Nilipika sufuria tatu, na nilicheka na watu, na vilikuwa vitamu, haki ya Mungu.

Nilipata ekari zangu, nikapata mume mzuri baadaye, sina la kulalamika. Lakini wewe binti, wewe kijana, nisikilize. Kama unampenda mtu, mwambie kwa mdomo wako. Na ukiona mwingine anasimamishwa kwa kosa lako, weka chini hizo sahani, useme hapo hapo, watu wote wakiwa bado mezani.