Mapovu ya Bi Sindano

Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameshona magauni ya harusi bila kuharibu hata moja. Kilichomshinda ni mimea ya kwenye tangi lake la samaki.

Tangi lenyewe lilijaza ukuta mmoja wa sebule. Ndani ya kabati chini yake kulikuwa na tangi jingine dogo la kuchujia: maji yalishuka humo kwa bomba, yakapita kwenye sponji, kisha pampu ikayarudisha juu. Samaki walinawiri. Mimea ilidumaa, majani rangi ya chai iliyolala.

"Ina njaa ya hewa ukaa," alisema wifi yake, fundi wa mashine za soda. "Gesi ileile inayokutekenya pua ukinywa soda. Mimea huila kukiwa na mwanga."

Jumamosi wifi akaja na mtungi mdogo wa gesi hiyo, vali na mpira mwembamba. Ndani ya kioo wakabandika kichupa cha maji ya kupimia: yakiwa ya buluu, gesi haitoshi, ya kijani, mambo sawa, ya njano, samaki wako hatarini. Bi Sindano akafungua vali, akavuta kiti, akakodoa macho.

Buluu. Jumapili, buluu. Jumatano, buluu ya kumtia mtu kichaa.

Alhamisi alikuwa akimpima bi arusi gauni, kifungo kikamponyoka kikaviringika hadi kabatini. Alipoinama kukiokota akasikia maji yakianguka toka bombani: chwaaa! Povu tupu. Akabaki pale pale, magoti chini, akabonyeza simu.

"Wifi, ukitikisa soda, gesi inafanya nini?"

"Inakimbia."

"Basi inakimbilia kabatini mwangu! Njoo!"

Wifi alifika na ovaroli lake la kazini. Waliongeza maji kwenye tangi la chini ili yanayotoka bombani yasianguke kutoka juu sana, wakiacha nafasi ya kupokea yatakayoshuka umeme ukikatika. Mdomo wa bomba wakauzamisha. Juu wakafunika kwa plastiki. Mwisho, mpira wa gesi wakausogeza hadi kwenye mdomo wa pampu, mapanga yake yasage mapovu yawe kama vumbi.

Baada ya saa mbili kichupa kilikuwa kijani. Kisha, jani moja likatoa kipovu cha oksijeni. Kikanata pale, kiking'aa. Jingine likatoa viwili. Mara tangi zima likawa limevaa shanga, na vishanga vingine vikipanda juu kwa mstari kama vinashindana.

"Inapumua!" Bi Sindano alipiga ukelele uliomtoa mumewe bafuni na povu la sabuni masikioni.

"Nani kafa?"

"Hakuna! Mimea imefufuka!"

Akamshika wifi kiuno, wakazunguka sebule nzima wakicheka hadi machozi. Bi arusi, aliyekuwa amegoma kuondoka kabla ya kuona mwisho wake, mkono mmoja una gauni na mwingine hauna, akajiunga nao, pini zikimdondoka kila hatua. Mume akatazama kioo, akawatazama wao, akatikisa kichwa, kisha naye akaanza kukata kiuno na taulo lake.

Gauni lile lilikamilika kwa wakati. Pindoni lilikuwa na shanga za kioo mia mbili ambazo hakuna aliyeziagiza, na bi arusi hakukubali itolewe hata moja.