Jibu Nililolikana Mbele ya Mama

Mbegu ya mpunga iliyokaa miezi juu ya moshi ina harufu yake, kavu na chungu kidogo, ambayo sijaikuta popote tangu nilipoondoka kijijini kwetu, upande wa Golbanti, kuja kuolewa Garsen. Mama aliitundika katika kapu la ukindu juu ya mafiga, nasi watoto tukalala tukiinusa. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka kumi, na kufikia wiki ya mwisho ya Machi hapakuwa na nafaka nyingine nyumbani. Tulikula mizizi ya yungiyungi iliyochemshwa. Jumanne, tarehe saba Aprili, mama aliliteremsha kapu, akaenda shambani, akaifukia mbegu yote katika udongo mkavu uliopasuka. Wapokomo wa kwetu walilima hivyo: mbegu hutangulia, maji ya mto hufuata, na siku yake haijulikani. Mdogo wangu alilia. Mama akamwambia, "Lia, lakini usifukue." Mto ulipanda tarehe ishirini na mbili Mei. Sikujua kuandika, kwa hiyo nilizihesabu siku kwa vijiti: arobaini na tano.

Shule niliitamani kama mgonjwa anavyotamani maji. Lakini majina ya watoto wa kupelekwa shuleni Januari yaliandikwa na mwalimu wa ubatizo, mzee mpole mwenye sauti ya kukwaruza, naye hakuandika jina la mtoto asiyebatizwa. Jumapili ya kwanza ya Desemba tulisimamishwa mbele ya kanisa zima, akatuuliza mmoja mmoja imani hutoka wapi. Wenzangu walijibu walivyokaririshwa, kwamba hutoka kwa Mungu. Zamu yangu ilipofika nilimkumbuka mama ameinama juu ya ule udongo, nikasema, "Kwa mama."

Kanisa lilicheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Basi Jumapili ijayo tukasalie jikoni kwake, huenda tukapata na chai!" Mwalimu hakucheka. "Mtoto, mama yako ni udongo kama mimi. Kaa chini, utarudi mwakani."

Mwaka ule mzima niliamia ndege shambani wasile mpunga, huku wenzangu wakienda shule. Desemba ilipokaribia, mama alinikalisha.

"Sema anavyotaka mwalimu."

"Lakini mama, mimi niliona..."

"Nani amekuuliza ulichoona? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sema, mwanangu. Mimi sitapungua."

Nilisema, kwa sauti kubwa. Mwalimu, labda kwa utani, akaniuliza tena, "Si kwa mama yako?" Nikajibu, "La, si kwa mama yangu." Watu wakaitikia amina, na katikati ya sauti zao niliisikia ya mama, wazi kabisa. Nilibatizwa Krismasi ile. Jumatatu ya pili ya Januari niliingia darasa la kwanza, magoti yangu yakigonga dawati.

Tangu hapo nimesoma Maandiko kwa macho yangu mwenyewe, wala sihitaji wa kunisomea. Nakiri kwamba mwalimu hakukosea: mtungi si chemchemi. Ila mtoto mwenye kiu huuona mtungi kwanza, na sijamwona bado mtu aliyeipata imani pasipo kumwona mwingine akiiishi. Siku nilipomzika mume wangu, yale niliyokaririshwa yalinitoka yote kichwani. Kilichobaki ni mgongo wa mama shambani, nami nikaweza kusimama mpaka kaburi likafukiwa.

Leo nimechoka. Shamba lile sasa huingiwa na maji ya chumvi kutoka baharini, kwa kuwa mto hauna tena nguvu ya kuyasukuma, na mchele wetu tunaununua dukani. Hapa Garsen vipaza sauti vya makanisa huanza mapema, na wahubiri huahidi mavuno kabla ya Ijumaa. Nawasikiliza, kisha najifunga leso na kwenda kwenye kanisa langu lenye watu wachache. Ningependa kuandika kwamba ningeulizwa leo ningeshikilia jibu langu la kwanza na kurudi nyumbani. Siwezi kuandika hivyo. Shule niliitaka mno. Na katika miaka yote aliyoishi baada ya hapo, sikumwuliza mama amina yake ilimgharimu nini.