Kanuni Yangu ya Kupanda Daraja

Kaka yangu alileta mchezo ule nyumbani kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, ndani ya boksi la karatasi ngumu lililoliwa kona na mchwa. Alikuwa karani katika ofisi moja kule Kacyiru, na mwalimu mmoja Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao alimgawia vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku yake: pasi, vitabu viwili vya mapishi, na boksi hilo. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nashona na mama sare za shule na kanzu.

Ndani mlikuwa na kitabu cha Kifaransa na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Kaka alikisoma kwa siku kadhaa, kisha akatueleza. Mmoja wetu angekuwa mwenye hadithi, wa kutuambia tuko wapi na nini kimetokea. Wengine, kila mmoja angejibunia mtu, mwenye kazi yake na ujuzi ulioandikwa kwa namba, na kusema mtu huyo anafanya nini. Kama ameweza au hakuweza, hilo lingeamuliwa na bahati ya dadu. Hakukuwa na ubao wala kete za kusogeza. Ni maneno tu, karatasi na penseli.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema hadithi haina neno, ila dadu hazitalala nyumbani kwake. Kwake dadu zilikuwa kamari, na kamari ni haramu. Kaka alitaka kubishana. Mimi nikaenda kwenye kopo la vifungo, nikachagua ishirini vya koti vilivyolingana, nikaviandika namba kwa wino, nikavitia kwenye kifuko cha kitambaa cheusi. Ukitaka kujaribu jambo, unachomoa kifungo bila kutazama. Namba yake ikiwa sawa na ya ujuzi wako au chini yake, umeweza. Ikizidi, umeshindwa. Mama alikishika kifuko, akakipima mkononi, akarudi kwenye cherehani yake. Tukajua tumeruhusiwa.

Tulicheza Jumapili baada ya adhuhuri, juu ya meza ya kukatia nguo. Kaka ndiye alikuwa mwenye hadithi, na hadithi yake ilikuwa ya wasafiri wanaoelekea mji wa kilimani, ng'ambo ya mto. Wifi yangu, mke wake, alijichagulia mganga wa mitishamba. Jirani yetu aliyechoma mishikaki barabarani, mtu mnene mwenye sauti ya kuita wateja, alikuwa askari wa mkuki. Mimi nilijichagulia mkalimani. Babu yetu alifika Kigali na wafanyabiashara wa pwani, na tangu utoto niliambiwa kwamba msafara usio na mkalimani ni watu waliopotea tu.

Shida ilikuwa kwenye sura ya mwisho ya kitabu, ile inayoeleza jinsi mtu anavyopanda daraja. Mchwa walikuwa wameila. Palisalia mstari mmoja uliosema adui akiangushwa, aliyemwangusha anapata pointi. Kaka akaufanya mstari huo kuwa sheria yote.

Baada ya miezi miwili askari wa jirani alikuwa daraja la sita. Mganga wa wifi alikuwa la pili, kwa sababu siku moja alimpiga jambazi kwa chungu. Mkalimani wangu alikuwa pale pale alipoanzia, ujuzi wake wa lugha ni tatu kati ya ishirini. Kila nilipofungua mdomo mbele ya wageni nilichomoa kifungo chenye namba kubwa, na kaka akafurahia kutueleza jinsi nilivyomtukana mama wa chifu nikidhani namsalimia.

"Sasa huyu mkalimani iko na kazi gani?" jirani aliuliza Jumapili moja, na wala hakuuliza kwa ubaya.

Nikasema sheria ndiyo yenye kosa. Mtu anayejaribu na kushindwa naye anajifunza, kwa hiyo naye apande. Kaka akacheka.

"Mtu hapandi kwa kukosea. Ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa sekondari sasa hivi."

Nilikuwa nimeshindwa mtihani wa kuingia sekondari mara mbili, na wote pale mezani walilijua hilo. Wifi alimtazama mumewe mpaka akainamisha macho. Sikulia. Nilikusanya vifungo, nikasema nimechoka, nikaenda kupiga pasi.

Wiki ile mama alinipa kola za mashati ya wanaume, kazi iliyonishinda kwa muda mrefu. Niliharibu mbili. Ya tatu ilikaa vizuri, kwa sababu mikono yangu tayari ilijua pale inapokunjika vibaya. Nikamwangalia mama, ambaye kola kwake ni kama kupumua. Yeye hakosei karibu kamwe, na hajifunzi jipya kwenye kola ila mara moja kwa miaka mingi. Niliacha kushona, nikatafuta daftari na kalamu.

Jumapili iliyofuata niliwasomea. Ukijaribu ujuzi wako ukashindwa, unauwekea alama. Mwisho wa mchezo, kwa kila alama unachomoa kifungo. Namba yake ikizidi ujuzi wako, ujuzi unaongezeka moja. Isipozidi, unabaki ulipo. Anayejua kidogo atapanda haraka, na anayejua sana atapanda polepole.

Wifi aliona tundu mara moja. Akasema watu watafanya upuuzi makusudi ili washindwe, na mganga wake atawachua hata mbuzi. Nikaongeza masharti mawili pale pale: alama ni moja tu kwa kila ujuzi kwa siku, na haiwekwi kama kushindwa hakukuwa na hasara kwenye hadithi. Jirani alilalamika kwamba askari wake hatapanda tena. Nikamwambia atapanda, ila kama mama kwenye kola. Kaka alilisoma daftari langu mwenyewe, kisha akasema tuijaribu mpaka wasafiri wetu wavuke mto na kufika mji wa kilimani.

Safari hiyo ilichukua Jumapili nyingi. Nilishindwa sokoni, tukauziwa punda kipofu. Nilishindwa kivukoni, tukalala na njaa. Kila jioni niliweka alama, nikachomoa kifungo, na karibu kila mara namba ikazidi. Tatu ikawa tano, tano ikawa tisa. Tulipofika mbele ya lango la mji lugha yangu ilikuwa kumi na moja. Askari wa jirani alikuwa amejeruhiwa begani, dawa za mganga zimekwisha, na juu ya ukuta walinzi walikuwa wamevuta pinde.

Jirani alikodolea macho karatasi yake, kisha akanigeukia.

"Ongea wewe," alisema.

Niliingiza mkono kwenye kifuko. Kaka akanizuia. Alitaka kwanza asikie ninawaambia nini. Kwa kawaida nilikuwa nikisema tu "nawaomba njia" na kuchomoa. Safari hii nilisimama.

"Sisi ni watatu, na mmoja wetu anavuja damu," nilisema. "Lugha yenu nimejifunza njiani, kwa kuchekwa. Nikikosea neno, nirekebisheni, lakini msitupige. Anayekuja kwa vita hahangaiki kujifunza salamu zenu."

Cherehani ya mama ilisimama. Nikachomoa. Kifungo kilikuwa nane.

Kaka alifungua lango. Alilieleza bawaba kwa bawaba, na wazee wakitoka na maji, na jirani akapiga meza kwa kiganja mpaka mkasi ukaanguka chini. Wifi alinikumbatia. Nilicheka huku machozi yakinitoka, na sikuona haya.

Siku mbili baadaye kaka alirudi kutoka kazini na karatasi aliyoipiga taipu saa ya chakula. Kanuni yangu yote ilikuwa pale, pamoja na masharti mawili. Aliibandika kwa gundi ndani ya kitabu, pale mchwa walipokula.

"Nilikosea kusema vile," aliniambia. "Ukurasa huu ni wako."

Mwaka uliofuata vijana wa Nyamirambo walikuja kunakili kanuni ile kwa mkono, kisha wakafika mafundi cherehani wawili wa kike waliosikia habari zake, wakitaka kucheza nasi. Kaka alisema meza moja haitutoshi, tugawane. Nikabeba kifuko kipya cha vifungo hadi nyumbani kwa mmoja wa mafundi hao, nikavuta kiti cha mwenye hadithi, na wanawake wanne, wale mafundi na wenzao wawili, wakanitazama wakisubiri niwaambie wako wapi.